Kabla Hujalipa Ada ya Kinyozi, Fungua Daftari

Jumanne moja saa nne asubuhi, muda ambao saluni yangu huwa tupu nami nautumia kusafisha mashine kwa spiriti, aliingia kijana mwenye bahasha ya kaki mkononi. Alinipa shikamoo, akakaa kwenye benchi la wateja, akatoa karatasi moja baada ya nyingine na kuzipanga juu ya goti. Tatu zilikuwa risiti za chuo alichokuwa akijifunza ukinyozi, kila moja ya shilingi 150,000. Ada yote ya 450,000 alikuwa ameimaliza kwa awamu tatu bila kuchelewa hata siku moja. Karatasi ya nne ilikuwa barua ya kumzuia asifanye mtihani. Alidaiwa 40,000 ya mtihani na 25,000 ya sare, fedha ambazo siku anajiandikisha hakuna aliyemtajia. Nilipomuuliza kwa nini hakuja mapema, alijibu kwa sauti ya chini kwamba wiki mbili zilizopita alishaacha kwenda darasani kwa kukosa nauli, hivyo hata angeruhusiwa mtihani asingejua aufikie vipi.

Nina miaka kumi na minne kwenye kazi hii, na vijana tisa wamejifunzia kwenye viti viwili vya saluni yangu hapa Temeke. Wengi niliowaona wakiishia njiani hawakushindwa na ada. Ada inafahamika. Ina tarakimu, familia huikalia kikao, mama huuza kuku, kaka hutuma kwa simu. Kinachowaangusha vijana ni vile vidogo visivyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga, pamoja na ratiba ya malipo isiyoendana na jinsi fedha inavyoingia nyumbani kwao. Kwa hiyo anayeniuliza njia ya kulipia chuo cha kinyozi, awe kijana mwenyewe au mzazi wake, namwambia kwanza akanunue daftari.

Tuchukue hesabu za kijana huyuhuyu. Kozi yake ilikuwa ya miezi mitatu, siku 22 za masomo kwa mwezi, jumla siku 66. Alipanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Kwa nauli ya 600 kila gari, hiyo ni 2,400 kwa siku na 158,400 mpaka kozi iishe. Chakula cha mchana cha 2,000, wali maharage bila soda, ni 132,000. Fomu ilikuwa 20,000, sare 25,000, mtihani 40,000. Vifaa ambavyo chuo kilimtaka awe navyo, yaani mashine, trima, chanuo, brashi na shuka la kumfunika mteja, vilimgharimu 180,000. Jumlisha na ada, unapata 1,005,400. Ile 450,000 iliyomkosesha mama yake usingizi haikufika hata nusu ya gharama.

Andika hesabu kama hiyo ya kwako kabla hujatoa hata mia. Kisha nenda chuoni ukaulize swali moja, uliulize hivi hivi: "Kuanzia leo mpaka cheti kiwe mkononi mwangu, nitalipa nini na nini?" Usiulize ada ni kiasi gani, kwa sababu utajibiwa ada tu. Omba waandike na wagonge muhuri. Kisha toka, usubiri karibu na geti mpaka wanafunzi watakapotoka kula, umtafute mmoja aliye mwezi wa mwisho na umuulize swali hilohilo. Huyo atakwambia kwamba wembe na poda mnachangishana kila wiki, kwamba wateja wa mazoezi mnajitafutia wenyewe, au kwamba mashine za chuo ni mbili kwa wanafunzi thelathini. Hayo yote yana bei, na bei yake inaingia kwenye daftari.

Kwenye safari hiyohiyo uliza namba ya usajili ya chuo. Vyuo vya ufundi stadi nchini sasa vinasimamiwa na NACTVET, na chuo kilichosajiliwa hakioni tabu kukuonyesha cheti chake ukutani. Chuo kisicho na usajili kinaweza kukufundisha kunyoa vizuri kabisa, sikatai, lakini karatasi yake haitakusaidia siku utakapotaka kuajiriwa hotelini au kuendelea ngazi ya juu, na malipo ya awamu uliyoyafanya pale hutakuwa na pa kuyadai.

Sasa tuje kwenye awamu zenyewe. Vyuo vingi vya binafsi vina mpango uliochapishwa tayari: nusu siku ya kujiandikisha, iliyobaki kwa mafungu mawili. Mzazi anasoma, anatikisa kichwa, anasaini, kumbe mpango huo ni pendekezo la chuo na wewe unaruhusiwa kuleta lako. Ili uwe na la kuleta, rudi kwenye daftari na uandike kwa mwezi mmoja au miwili fedha inayoingia nyumbani, kiasi gani na siku gani. Bodaboda na mama lishe hupata kila siku kidogo kidogo. Mwajiriwa hupata mwisho wa mwezi. Mkulima wa korosho wa Mtwara au Lindi anasubiri minada inayoanza Oktoba, na akipangiwa awamu kubwa mwezi wa sita ataitoa wapi? Kinyozi anayejisomesha kwa kunyoa hupata Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Hupata pia siku mbili tatu za mwisho kabla ya Idi, wiki za Desemba, na siku zile za Januari ambapo kila mtoto lazima apelekwe shule na kichwa safi. Mwanzoni mwa Ramadhani mtaani kwetu kiti hukaa kitupu mchana kutwa. Awamu ikiangukia hapo, unaanza mwezi ukiwa na deni.

Ukishajua mwendo wa fedha yako, omba kukutana na mkuu wa chuo. Mhasibu anapokea malipo tu, kubadili ratiba si ruhusa yake, na nimeona watu wakibembeleza dirishani kwake nusu saa bure. Mwambie mkuu: "Mzee, ada ni 450,000 na kozi ni wiki kumi na mbili. Siwezi kuleta 150,000 kwa mkupuo, ila naweza kuleta 37,500 kila Jumatatu asubuhi, na wiki ya kwanza nalipa kabla sijaingia darasani." Mkuu wa chuo anasikia mambo mawili hapo: kwamba umepiga hesabu, na kwamba atakuwa anaona fedha kila wiki badala ya kukukimbiza mwisho wa mwezi. Jumatatu nimeichagua kwa makusudi. Fedha ya wikiendi ikikaa mpaka Jumatano huwa imeshapata kazi nyingine. Si wote watakaokubali, lakini katika vijana niliowatuma na maneno hayo, zaidi ya mmoja amerudi na ratiba mpya iliyosainiwa.

Makubaliano lazima yaandikwe, nakala mbili, moja ibaki kwako. Humo usitafute lugha ya kisheria, tafuta majibu. Nikichelewa wiki moja nafukuzwa darasani, naongezewa faini, au napewa siku za nyongeza? Nikiugua na kukosa mwezi, ada yangu inahamia kozi inayofuata? Nikiacha katikati, kuna kinachorudi? Mtihani utafanyika hata kama imebaki awamu moja, na cheti je? Vyuo kadhaa hukuruhusu kumaliza masomo ukiwa na deni lakini hushikilia cheti, jambo ambalo linavumilika ukilijua mapema, maana unaweza kufanya kazi mtaani miezi miwili ukakusanya na kukikomboa. Na fedha usiitume kwenye simu ya mwalimu, hata akiwa mtu mwema kiasi gani. Ilipwe kwenye akaunti ya chuo au namba ya malipo yenye jina la chuo, na kwa vyuo vya serikali kwa kontroo namba.

Wazazi wengi wanakimbilia chuo cha binafsi kwa sababu kiko karibu na stendi na bango lake ni kubwa, bila kupita VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, kuuliza. VETA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994 na sehemu ya fedha zake inatokana na tozo ya kuendeleza ujuzi ambayo waajiri hulipa. Kwa sababu hiyo ada ya kozi zake ndefu imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Ukinyozi mara nyingi utaukuta ndani ya fani ya nywele na urembo, na si kila chuo cha VETA kina fani hiyo, kwa hiyo uliza kabla hujafunga safari. Kozi fupi zina bei zake tofauti, kila chuo na yake. Kikwazo cha VETA ni nafasi na muda: waombaji ni wengi na kozi ndefu kwa kawaida huanza Januari, maombi yakiwa yameshafungwa miezi kadhaa nyuma. Anayeanza kuulizia wiki ya Krismasi amechelewa.

Serikali pia imekuwa ikigharimia vijana kwenye vyuo kupitia Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, ambapo anayechaguliwa halipi ada ya mafunzo. Matangazo hutoka kwa vipindi na fani hubadilika, hivyo jizoeze kupita kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri na ofisi ya mtendaji wa kata angalau mara moja kwa mwezi, ukiwa na nakala za kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule tayari kwenye bahasha. Matangazo haya hukaa siku chache. Anayeanza kutafuta cheti cha kuzaliwa baada ya kuliona tangazo huwa amelikosa. Na mtu yeyote atakayekuomba elfu kumi ili jina lako "lisukumwe", mkatalie.

Kuna njia nyingine ambayo watu wa mjini wameanza kuidharau, nayo ni kujifunzia saluni. Naitetea kwa nguvu zangu zote, kwa sababu mimi mwenyewe nimetoka huko. Hakuna ada, unalipa kwa mikono. Wiki za kwanza unafagia nywele, unafua taulo, unapanga viti. Kisha fundi anakupa puto, unalipaka povu la sabuni, unatakiwa kulinyoa povu lote kwa wembe bila kulipasua. Kijana wangu mmoja alipasua maputo kumi na saba kabla hajafaulu la kwanza, na siku aliyofaulu alilishika lile puto tupu juu kama kombe. Baada ya hapo ni vichwa vya watoto, namba moja kichwa kizima, kisha kuchonga ukingo wa mbele, na fedi huja mwisho kabisa, maana fedi ni kujua kuinua mkono na hakuna anayeweza kukuelezea hilo kwa maneno.

Hatari ya njia hii ni kutumikishwa. Wapo wenye saluni wanaomweka kijana mwaka mzima kwenye fagio, na akitaka kuondoka anaambiwa bado hajaiva. Kinga yake ni ileile, karatasi. Kaa na mwenye saluni, uwe na mzazi au mjomba, muandike: miezi miwili ya kwanza kazi ndogondogo na nauli ya kila siku anatoa nani, mwezi wa tatu mashine mkononi, kuanzia mwezi wa nne mgawanyo wa kila kichwa unachonyoa ni kiasi gani. Mimi kijana wangu simtozi kitu, nampa nauli tangu siku ya kwanza, na mwezi wa nne tunaanza kugawana. Mwenye saluni anayekataa kuandika hata mistari mitatu amekuonyesha mapema utaishi naye vipi.

Na cheti? VETA ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi, kwa ajili ya watu waliojifunza kazini bila kupita darasani. Unapimwa unachokijua, unafundishwa pale ulipopungukiwa, kisha unatambuliwa kwa cheti. Fani zinazopimwa hutegemea chuo na msimu, kwa hiyo ulizia chuo kilicho karibu nawe kama fani ya nywele imo. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kulipia kozi nzima ya kitu unachokifanya kila siku.

Mpango ninaoupenda kuliko yote unachanganya njia hizi mbili. Kijana anakuwa chuoni Jumatatu hadi Alhamisi, na Ijumaa jioni hadi Jumapili anakuwa kwenye kiti cha saluni kama msaidizi. Siyo vyuo vyote vinavyoruhusu, lakini vinavyofundisha kwa zamu za asubuhi au jioni ni vingi. Kwa mwezi wa kwanza fedha ya wikiendi inatosha nauli ya wiki tu. Kufikia mwezi wa pili, mkono ukishatulia, inaanza kugusa awamu. Na lililo kubwa zaidi, alichofundishwa Jumanne anakifanya Jumamosi juu ya kichwa cha mteja anayelipa.

Nizungumzie ndugu, kwa sababu Watanzania wanaosoma kwa fedha zao wenyewe peke yao ni wachache. Tunachanga kwa harusi mpaka tunakopa, lakini kijana akiomba mchango wa chuo cha kinyozi anaambiwa asubiri. Sioni kama ni roho mbaya. Naona tatizo liko kwenye namna ya kuomba. Ujumbe unaosema "naombeni mnisaidie ada" kwenye kundi la familia la WhatsApp unasomwa na watu ishirini na kila mmoja anamwachia mwenzake. Gawanya gharama zako kwa vitu na kila kitu kipeleke kwa mtu wake. Mjomba mwenye duka Kariakoo mwombe mashine, si fedha. Shangazi anayelipwa mshahara mwombe nauli ya mwezi mmoja, mwezi mmoja tu, 52,800, na umwonyeshe hesabu yake: siku 22 mara 2,400. Binamu aliye Oman mwombe trima, na kama anakuja likizo aje nayo. Babu mwombe dua na akuitie kikao, maana kikao kilichoitwa na babu hakikosi watu. Kisha kila atakayetoa mtumie picha: mashine ikiwa mkononi, risiti ikiwa imegongwa muhuri. Nimeona mjomba aliyetoa mashine mwezi wa kwanza akalipa mtihani mwezi wa tatu bila kuombwa, kwa sababu kila wiki alikuwa akiona picha za vichwa vilivyonyolewa na mashine yake.

Upatu na vikoba vinafaa sana kwa awamu, kwa sharti moja: zamu yako ipangwe kabla ya tarehe ya kulipa. Mama wa kijana wangu mmoja alicheza mchezo wa wanawake kumi, kila mmoja 20,000 kwa wiki, na kabla ya kuanza akawaeleza wenzake kwamba mwanawe anaanza chuo wiki ya tatu. Wakampa zamu ya tatu. Laki mbili ziliingia Jumamosi, Jumatatu zikawa chuoni. Angenyamaza, angepata zamu ya tisa. Na kama kikundi chako kinaweka kwa simu, hakikisha wanachama wote wanaona salio, siyo mweka hazina peke yake.

Kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kuna kutoelewana kwingi, kwa hiyo nitaenda polepole. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo haina riba. Ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya matatizo ya usimamizi na urejeshaji, ikarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Mikopo hii ni ya mtaji wa biashara. Mkiandika kwenye andiko lenu kwamba mnaomba fedha ya ada, mmejikwamisha wenyewe. Ndiyo maana nawashauri vijana wasiiwazie mwanzoni mwa safari. Iwazieni mkiwa mnakaribia kumaliza: wanafunzi wa darasa moja mnaofahamiana, mnasajili kikundi kwa msaada wa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mnafungua akaunti, mnaandika andiko la saluni yenye viti kadhaa, mashine, sterilaiza na kodi ya fremu. Mnapofika kuomba, mna vyeti au barua ya chuo mkononi, na andiko la watu wenye ujuzi lina uzito kuliko la watu wenye nia. Chagua wenzako kwa makini, kwa sababu mkopo ni wa kikundi, na mmoja akihamia Mwanza na mashine yake deni linabaki kwenu.

Kuna pia mwajiri anayekulipia. Saluni kubwa za mjini nyakati nyingine humsomesha kijana kwa makubaliano ya kumfanyia kazi baadaye. Ni njia nzuri ikiwa miezi imetajwa na ikiwa imeandikwa ukitaka kuondoka mapema unarudisha kiasi gani. Miezi sita baada ya kozi ya miezi mitatu ni haki. Miaka miwili sioni haki yake.

Sasa lile ninaloomba kwa moyo wangu wote usilifanye. Usilipie ada kwa kausha damu, ile mikopo ya riba kali. Najua jinsi linavyoingia: awamu ni kesho, simu inakuletea ujumbe kwamba unastahili mkopo sasa hivi. Piga hesabu kwanza. Ukikopa 200,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, kila mwezi inakula 40,000 wakati wewe ni mwanafunzi usiye na kipato. Miezi mitatu ya kozi ni 120,000 ya riba peke yake, na ile 200,000 bado iko palepale. Kwa fedha hiyo ya riba ungelipa mtihani, sare na nauli ya mwezi mzima. Programu za mikopo za kwenye simu zina ubaya wa ziada, kwamba zinachukua namba za watu wote uliowahifadhi, na ukichelewa wanatumiwa ujumbe wa kukudhalilisha, mpaka mwalimu wako na mama mkwe. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Kama lazima ukope, nenda SACCOS ya mzazi wako au kikoba chenye katiba, ambako watu wanakujua kwa sura na riba imeandikwa. Na kabla ya hapo, nenda kwa mkuu wa chuo umwombe wiki mbili. Kuomba wiki mbili ni bure.

Wasomaji wetu wa Kenya wana milango yao, na baadhi ni mipana kuliko yetu. Anayejifunza kwenye taasisi ya umma ya ufundi anaweza kuomba mkopo wa HELB, bodi ambayo haiko kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo vikuu pekee kama wengi wanavyodhani, na basari za kaunti na za eneo bunge huwafikia pia wanafunzi wa ufundi ilmradi waombe ndani ya muda na waambatanishe barua ya chifu. Aliyejifunza kinyozini bila darasa anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, akaanzia daraja la tatu na kupanda. Hustler Fund iliyozinduliwa Novemba 2022 ina riba ndogo ya asilimia 8 kwa mwaka, lakini mkopo wa mtu binafsi unarejeshwa ndani ya siku 14. Siku 14 zinamfaa muuza mboga anayezungusha fedha. Kwa ada ya kozi ya miezi mitatu hazifai hata kidogo.

Yule kijana wa Jumanne tulimaliza mambo yake hivi. Tuliandika barua kwa mkuu wa chuo kuomba ahamishiwe mtihani wa awamu inayofuata bila kulipia upya masomo, tukaambatanisha risiti zote tatu. Dada yake alichukua nauli. Mimi nilimpa kiti cha pili siku za Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na kila Jumapili usiku kabla ya kufunga alikuwa akiweka 10,000 kwenye kibubu cha mbao kilichokaa juu ya rafu ya taulo, mbele ya macho ya wateja wote. Wiki ya saba kilifunguliwa na kukutwa na 70,000. Alipeleka 65,000 chuoni, 5,000 akanunulia wembe na spiriti za siku ya mtihani.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini ndilo lililotusumbua zaidi siku ile ya barua. Risiti nyingi za mashine huchapwa kwa joto, na zikikaa kwenye mfuko wa suruali au juani zinafutika. Siku unayopewa, ipige picha, itoe kivuli stationari, andika nyuma ya kivuli tarehe na jina la aliyepokea. Ya kwanza ya kijana yule, ya miezi mitatu tu nyuma, ilikuwa imefifia kiasi kwamba tuliibandika kwenye kioo cha dirisha, jua likiwa nyuma yake, mpaka ile 150,000 ikasomeka.